Kabla hujatuma haiku yako ya kwanza: mwongozo kutoka Moshi

Haiku ya kwanza kabisa kusomwa katika kikundi chetu pale Majengo, Moshi, ilikuwa hii:

Mlima wetu
umevaa kofia
tuutunzeni

Hesabu mizani: tano, saba, tano. Haijakosea popote. Mwandishi wake ni kijana wa bodaboda, na siku ile tulimpigia makofi kwa sababu hata sisi wasikilizaji hatukuwa tunajua kitu. Ilichukua miezi kabla mtu hajamuuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa siku hiyohiyo: "Ulikuwa wapi ulipouona?"

Ninamwandikia mtu aliye pale alipokuwa kijana yule. Anajua Kiswahili, anapenda mashairi, hajawahi kuandika haiku, au ameandika kumi zikaozea kwenye simu. Tutaanza na kuhesabu, tutamalizia na kutuma. Penye kukwamisha watu nitakaa. Pasipo na shida nitapita.

Jua kwanza unashika nini

Haiku ni shairi fupi la Kijapani. Asili yake ni ubeti wa kufungulia mashairi marefu ya kupokezana: mmoja anatoa ubeti, mwenzake anaunga, wa tatu anaendeleza, kama watu wanaojibizana ngomani. Ubeti ule wa ufunguzi uliitwa hokku. Matsuo Bashō (1644–1694) aliupa uzito hadi ukaweza kusimama peke yake, na mwishoni mwa karne ya 19 Masaoka Shiki akautenga na mnyororo wake na kuupa jina la haiku. Katikati yao wako Buson, aliyekuwa mchoraji vilevile, na Issa, aliyewaandikia nzi na konokono kama mtu anayewaandikia majirani. Ukiwasoma hao wanne mwaka mzima hujapoteza muda.

Vitu vitatu vinashikilia haiku ya kimapokeo: mizani 17 zilizogawika 5-7-5, neno la majira (Wajapani wanaliita kigo), na mkato (kireji). Tazama iliyo maarufu kuliko zote, ya Bashō, ya mwaka 1686. Tafsiri ni yangu:

Bwawa la kale —
chura atumbukia:
chubwi! majini

Kijapani chake mwishoni kinasema "sauti ya maji" tu. Nimeweka "chubwi" kwa sababu Kiswahili kimetujalia tanakali za sauti, na sioni kwa nini tuziachie masimulizi ya watoto. Chura ndiye neno la majira. Kwa Wajapani ni mnyama wa majira ya kuchipua. Baada ya bwawa, Bashō ameweka silabi moja, "ya", isiyotafsirika. Ni pumzi. Upande huu wa pumzi kuna bwawa lililotulia miaka na miaka, upande wa pili kuna kishindo cha nukta moja. Sisi tunaweka kistari.

Angalia pia kisichokuwemo. Bashō hatuambii chura ametufundisha nini.

Kuhesabu

Hapa Mswahili anaanza mbio akiwa mbele. Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, kama za Kijapani, na tumezoea kuhesabu mizani tangu shule ya msingi. Hata zile herufi zinazosumbua zinafanana. Kwa Kijapani, "n" ya mwisho wa neno inahesabiwa peke yake, na irabu ndefu inahesabiwa mara mbili, kwa hiyo Tōkyō ni mizani nne. Kwetu "taa" ni mbili, na "mtu" ni mbili pia: m-tu.

Tahadhari ni kwenye M na N za mwanzo. "Mbuzi" ni mbili (mbu-zi), lakini "mbuyu" ni tatu (m-bu-yu), kwa sababu M ya mbuyu ni kiambishi na inasimama yenyewe. "Nchi" ni mbili, "nyumba" ni mbili, "ng'ombe" ni mbili. Ukiwa na wasiwasi, litamke neno huku unapiga meza kwa kidole. Maneno kama "labda" na "daktari" yatawagombanisha, maana wako wanaohesabu konsonanti ile ya katikati na wako wasioihesabu. Ushauri wangu: usijenge mstari juu ya neno lenye ugomvi.

Tatizo letu halisi ni urefu wa vitenzi. "Hawatatutembelea" ni mizani nane. Neno moja, na haliingii kwenye mstari wowote wa haiku. Ila kitenzi hichohicho kimeshasema nani, lini na kwa nani, kwa hiyo ukipata kifupi chenye kubeba mengi umeshinda nusu ya kazi. Tumia "afuta" badala ya "anafuta" mizani ikikubana. Tumia "i" badala ya "iko". Lakini usivuke ukaanza kuandika Kiswahili cha karne nyingine ili tu upunguze silabi. Msomaji anayesimama kutafuta maana ya neno ameshalisahau bwawa.

Washairi wanaoandika haiku kwa Kiingereza wengi wameiacha 5-7-5, kwa sababu silabi 17 za Kiingereza zinabeba maneno mengi mno kuliko 17 za Kijapani. Usiwaige kwa sababu hiyo. Sababu hiyo ni yao. Mimi nakwambia shika 5-7-5 kwa haiku zako mia za kwanza, kisha uvunje ukijua unavunja nini. Bashō mwenyewe, kwenye haiku yake ya kunguru aliyetua kwenye tawi kavu, mstari wa kati umezidi saba waziwazi.

Na vina? Havipo. Hili ndilo lililokaribia kutuvunjia kikundi. Tuna mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mzee wa Uru, bingwa wa tarbia. Siku yake ya kwanza alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Vina viko wapi, wanangu?"

"Shikamoo mwalimu," kijana wa boda akamjibu. "Hii haina vina."

"Marahaba. Kwa hiyo ni habari."

Tukacheka, lakini mzee hakuwa anatania. Kizazi chake kilipitia ule mjadala mkali wa miaka ya 1970 kuhusu mashairi huru, na upande aliokuwepo unajulikana. Kilichomlainisha ni pale mtu alipomkumbusha kwamba mishororo mitatu si mgeni kwetu; tathlitha ipo siku nyingi. Haiku ni kama ubeti mmoja wa tathlitha uliovuliwa vina, ukaachwa bila kibwagizo, ukaambiwa usimame hivyohivyo. "Umevuliwa hadharani," mzee akasema. Wiki iliyofuata akarudi.

Funzo liache nje

Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo karibu kila Mswahili anapoanguka, na mimi nilianguka zaidi ya mwaka.

Tumelelewa na mashairi yanayousia. Ubeti unapanda, unapanda, halafu kituo kinakupa la kuondoka nalo. Hata kanga haitoki dukani bila neno lake. Ni urithi mzuri, siukatai. Ila ukiandika haiku, mkono wenyewe unakwenda kwenye mstari wa tatu kuandika "tuutunzeni", "tujifunzeni", "dunia hadaa". Mstari huo ukishaingia, mlima umeondoka. Kilichobaki ni tangazo la mazingira.

Tulipomrudisha kijana wetu kwenye kofia ya mlima, mazungumzo yalikwenda hivi. Nayaandika kwa sababu ndiyo njia yenyewe, na unaweza kuitumia peke yako ukiwa unajiuliza na kujijibu.

"Ulikuwa wapi?" mwalimu akamuuliza.

"Stendi, mwalimu. Alfajiri. Sijapata abiria hata mmoja."

"Unafanya nini?"

"Nafuta kiti. Kilikuwa kimelowa umande. Kitambaa sina, nikavua shati la juu."

"Na mlima?"

"Nilivyoinua kichwa ulikuwa wazi wote. Wiki nzima ulikuwa umejifunika."

Mwalimu akasukuma karatasi mbele yake. "Andika hayohayo. Usiongeze."

Kibo i wazi —
kwa shati napangusa
kiti cha boda

Umande haukupata nafasi. Haidhuru, aliyewahi kupanda pikipiki asubuhi huku kwetu anajua kwa nini kiti kinafutwa. Kofia imeondoka pia, kwa sababu mlima kuvaa kofia ni usemi uliokwisha chakaa, na shati ni la kwake, lilikuwa mkononi. Tena kuna kitu ambacho wala hakukipanga. Juu kuna Kibo, kilele cha Kilimanjaro cha mita 5,895, kimepanguswa mawingu, chini kuna kiti cha pikipiki kinapanguswa umande. Haiku haisemi kwamba vinafanana. Imeviweka jirani ikanyamaza.

Ndiyo kazi ya mkato: vitu viwili, kimya katikati. Rasimu yako ikiwa na kitu kimoja tu kinachoelezwa kwa mistari mitatu, hiyo ni sentensi iliyokatwa. Ikiwa na vitatu, msomaji anakimbizwa. Wakati mwingine mkato unajificha, kama kwenye hii ya binti mmoja wa Arusha anayesoma hapa Moshi:

Fundi viatu
apuliza maua
ndani ya buti

Hakuna kistari. Sentensi ni moja. Lakini ukifika "buti" unarudi mwenyewe juu kutafuta mti, na mti haujatajwa. Mtu wa Arusha anajua ni jakaranda, na anajua ni mwezi gani.

Shiki alihimiza kuandika kama mchoraji anavyochora kitu kilicho mbele yake. Usidhani anayehimiza hivyo ni mtu wa safari na mandhari. Miaka yake ya mwisho alikuwa kitandani kwa kifua kikuu kilichomuua mwaka 1902 akiwa na miaka 34, na moja ya haiku zake zinazokumbukwa sana ni ya mgonjwa anayeuliza tena na tena theluji nje imefika kina gani. Kwa hiyo "mimi sina cha kuandika" tuliifuta kwenye kikundi chetu.

Zoezi: siku saba, daftari dogo la kuingia mfukoni, kila siku andika vitu vitatu ulivyoona, kusikia au kunusa. Usiandike shairi. "Mama anapima ndizi kwa macho, Mbuyuni." "Sauti ya mfuko wa mkaa ukiburutwa." Siku ya nane chukua viwili vya siku tofauti uviweke pamoja uone kama vinaongea. Vingi havitaongea. Daftari ni bora kuliko simu, kwa sababu ukitoa simu utakuta na ujumbe.

Majira ya huku

Wajapani wana kamusi nzima za maneno ya majira, saijiki. Sisi hatuna ya Kilimanjaro wala ya Arusha, na kwangu hiyo ni bahati: tunaitunga wenyewe. Nairobi wenzetu waliwahi kuanza orodha ya Kenya, pamoja na vikundi vya haiku vya wanafunzi. Yetu iko kwenye kaunta buku la dukani, nusu imelowa chai.

Sheria ya kwanza ya orodha yetu: hakuna sakura. Usicheke, wanaoanza wanaandika maua ya Japani ambayo hawajawahi kuyaona, na theluji inayoanguka mlangoni. Theluji tunayo, iko Kibo, inaonekana asubuhi kabla mawingu hayajapanda na wakati mwingine tena jioni. Iandike ikiwa hukohuko juu.

Haya ni baadhi ya tuliyokusanya. Januari na Februari ni vumbi, ngozi ya miguu kupasuka, na mwishoni mwa Februari barabara kufungwa kwa ajili ya mbio za Kilimanjaro. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, yana tope la udongo mwekundu, buti za mpira, mahindi kuchomoza, mfongo (mfereji wa kumwagilia) kujaa. Juni na Julai ni baridi na mawingu yasiyoondoka. Arusha unaweza kukaa siku nyingi usiuone Meru, na makoti ya mitumba yanapanda bei. Kahawa inaanza kuiva, na kuchuma kunaendelea miezi kadhaa. Kahawa yenyewe inatoa maneno matano, kuanzia buni nyekundu mpaka harufu ya maganda yaliyorundikwa. Agosti ni Nanenane pale Njiro. Halafu jakaranda. Halafu vuli na kumbikumbi kwenye taa ya nje, na watoto wenye mabeseni.

Ila neno letu kubwa kuliko yote ni Desemba. Sidhani kama kuna mahali pengine Tanzania ambapo jina la mwezi linabeba kiasi hiki: mabasi ya kutoka Dar yamejaa, nyumba zilizofungwa mwaka mzima vihambani, yaani kwenye mashamba ya ukoo, zinafunguliwa, mbuzi wanachinjwa, mbege, pombe ya ndizi, inachemshwa, foleni ya magari mpaka Himo. Ukiandika "Desemba" kwenye haiku ya Moshi umeshatumia mizani tatu kusema mambo mia.

Ramadhani ilitutatiza. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, kwa hiyo Ramadhani inatembea; kuna miaka inaangukia masika, kuna miaka kiangazi. Tukakubaliana iandikwe pamoja na kitu kingine cha majira, ili msomaji ajue ni futari ya mvua au ya vumbi.

Haiku isiyo na majira, inayowachekesha binadamu tu, ina jina lake: senryu, kutokana na Karai Senryū aliyezikusanya karne ya 18. Umbo ni lilelile. Hii iliandikwa baada ya kikao cha harusi:

Mchango tena —
mara simu za wote
zapata kazi

Ukituma mahali wanapotenganisha haiku na senryu, zitenganishe.

Tuma kwanza kwa wasiojua ni yako

Kabla ya jarida lolote, ipitishe haiku yako kwenye kukai. Hiki ni kikao cha Kijapani cha kushindanisha haiku bila majina, na sijaona njia nyingine inayomfaa zaidi mwandishi wa huku kwetu. Fikiria: mzee wa miaka 70 amesoma shairi lake, umemwamkia shikamoo, umekunywa chai yake. Utamwambia mstari wa pili umelegea? Huwezi. Utasema "safi sana mwalimu", naye ataondoka na mstari wake uliolegea.

Watu watano wanatosha, kumi ndiyo mwisho. Tangaza neno la majira wiki moja kabla. Kila mtu aje na haiku tatu, mojawapo iwe na neno hilo. Kata vikaratasi vya ukubwa mmoja kwa rula. Sisi tunatumia kurasa za kaunta buku. Haiku moja, kikaratasi kimoja, bila jina. Vyote vinaingia kwenye bakuli na kuchanganywa.

Sasa usiiruke hatua hii hata kama mtaona uvivu. Gawaneni vikaratasi, kila mtu anakili vilivyomwangukia kwenye karatasi safi kwa mwandiko wake. Bila hivyo mwandiko utamtaja mtu. Mwalimu wetu anaandika "g" yenye mkia kama ya chaki ubaoni, na wiki ya kwanza tuliporuka kunakili, kila mtu alijua zake ni zipi, na zote zikapata kura.

Karatasi safi zizungushwe. Kila mtu aandike pembeni zile zilizomgusa, kisha achague tatu, zisiwemo zake. Msomaji mmoja asome chaguo za kila mtu kwa sauti. Haiku ikisomwa, mwenyewe anataja jina lake pale tu, si kabla. Isiyochaguliwa haisomwi na mwenyewe hatajwi. Ndiyo huruma ya mchezo huu: unashindwa faraghani. Mwisho mnajadili mbili tatu zilizopata kura, na mchaguaji aseme aliona nini. Mara nyingi ameona kitu ambacho mwandishi hakukiweka.

Tulipoanza kunakili, mwalimu alikaa vikao vitatu bila kutaja jina lake hata mara moja. Hakusema kitu. Alikunywa chai, akaaga, akapanda Hiace ya Uru. Kikao cha nne kilikuwa katikati ya Januari, na msomaji alipofika kwenye hii watu watano walikuwa wameichagua:

Wameondoka —
alama ya tairi
kwenye migomba

Kimya kikapita. Tukaangaliana, maana kila mmoja alidhani ni ya binti wa Arusha. Mzee akavua miwani, akataja jina lake lote, na la baba yake juu.

Kutuma kwenyewe

Haiku iliyopata kura iache wiki mbili, kisha isome kwa sauti. Ikikukwaza ulimi, irekebishe. Haina kichwa cha habari, usiipe.

Kwa Kiswahili, mlango wa zamani ni kurasa za mashairi za magazeti na vipindi vya redio. Desturi hiyo ina zaidi ya miaka mia hapa kwetu. Mambo Leo lililoanza mwaka 1923 lilichapisha mashairi ya wasomaji. Wahariri wa kurasa hizi wanategemea vina, kwa hiyo tuma haiku tatu hadi tano pamoja na sentensi moja inayosema hizi ni haiku, mizani 5-7-5, hazina vina kwa makusudi. Usipofanya hivyo mhariri mwema anaweza kukutilia vina. Ukiwa na mswada mzima wa diwani, ziko tuzo za fasihi ya Kiswahili zinazopokea pia ushairi, kama ile iliyotolewa kwa jina la Safal-Cornell. Lakini hiyo ni safari ya miaka, si ya mwezi huu.

Kwa nje, majarida mengi yanapokea kwa Kiingereza: Modern Haiku la Marekani, lililoanza 1969, na Frogpond la chama cha haiku cha hukohuko. Gazeti la Asahi la Japani nalo lina safu ya haiku za Kiingereza. Afrika, waandishi wa Ghana na Nigeria walianzisha jarida The Mamba kwa ajili ya haiku za bara letu. Kabla ya kutuma popote fungua ukurasa wao uone kama dirisha la kupokea liko wazi. Majarida madogo hufunga na kufungua. Ukitafsiri, tafsiri picha, si mizani. Usilazimishe 17 za Kiingereza. "Kihamba" kiache kihamba, na "mbege" mbege. Mhariri akitaka maelezo ataomba.

Mengine ni adabu ya kazi. Soma masharti yote kabla bando halijaisha. Wakisema tano, tuma tano. Ziweke ndani ya baruapepe yenyewe, si kwenye faili, isipokuwa wakitaka faili. Jina, mji, nchi. Haiku moja isitumwe sehemu mbili kwa wakati mmoja. Na angalia sana hili: wahariri wengi wanahesabu kilichowekwa Facebook au Instagram kuwa kimeshachapishwa. Haiku yako nzuri ukiiweka kwenye ukurasa wako usiku kwa ajili ya vidole gumba kumi na viwili, umeifungia mlango.

Hela. Miaka michache nyuma nilituma haiku moja mahali, nikajibiwa ndani ya saa moja kwamba imechaguliwa kwa "ustadi wa hali ya juu" kuingia kwenye kitabu, na nilipe shilingi 35,000 nihifadhiwe nakala. Nikalipa kwa simu nikiwa bado nimesimama. Jioni nikaisoma tena haiku yangu nikaona nimeruka neno. Mstari wa pili ulikuwa hauna maana yoyote. Wenye ustadi wa hali ya juu tulikuwa wote tuliotuma. Kitabu sijakiona mpaka leo. Shindano linaweza kuwa na ada, nayo hutangazwa tangu mwanzo. Ila anayekusifu kwanza halafu akataja bei, mwachie haiku yake na uondoke.

Weka daftari la kutuma: tarehe, haiku, ilikokwenda, jibu. Jibu la "hapana" huchukua wiki, wakati mwingine miezi, na huwa fupi. Likija, andika tarehe, ibadilishe haiku kama kuna kitu sasa unakiona, itume kwingine. La kijana wa boda lina mistari kumi na moja: "hapana" nane, "ndiyo" moja, mbili anasubiri. Ile "ndiyo" si ya Kibo. Kibo imekataliwa mara tatu, na hataki kuigusa hata neno. Namuunga mkono.

Kikao kijacho ni Jumamosi saa tisa alasiri, nyuma ya duka la vitenge. Neno ni kumbikumbi. Vikaratasi vimeshakatwa, kalamu njoo nayo.